UZI: Sekondari za serikali hapa Tabora mjini, tunazilinganisha vibaya

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mazungumzo ya mji huu ni yale yale, iwe sokoni, stendi au kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. "Boys wamefanyaje? Girls je? Na hawa wa kata?" Mtu anatuma picha mbili, upande mmoja divisheni wani zimepangana kama matofali, upande wa pili ziro zimejaa, na hukumu inatoka hapo hapo: walimu wa kata hawafundishi, watoto wa kata vichwa vizito. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Mimi nalea watoto wawili. Wa kwanza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alifaulu sana darasa la saba, akapangiwa shule ya vipaji maalumu, moja kati ya mbili zilizopo hapa mjini. Sasa yuko kidato cha nne. Wa pili ni binti yangu wa kumzaa, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya kata. Jina la shule naliweka kando. Wote wamekula ugali wa sufuria moja, wamekaripiwa na mdomo huu huu, taa ya kusomea ilikuwa moja. Ndiyo maana jambo hili linanigusa. Nimeliona kwa pande zote mbili, na nimechoka kusikia binti yangu akihukumiwa kwa jina la shule yake.

Tuanze na hizo kubwa. Tabora Boys ilianzishwa na Waingereza mwaka 1922, mwanzoni ikiwalenga watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere alifika hapo mwaka 1937. Mzee Kawawa naye alisoma hapo. Tabora Girls ni ya mwaka 1928. Hizi mbili ziko kwenye kundi moja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, yaani shule za serikali za vipaji maalumu. Ziko Tabora, lakini watoto wake wanatoka nchi nzima. Wakati wa kufungua shule nenda stesheni ukasimame jukwaani, uone matranka yanavyoshuka kutoka treni ya Mwanza, ya Kigoma na ya Dar. Mtihani wa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wanaoingia hapo ni wale wa juu kabisa.

Halafu zipo za zamani za mjini ambazo si za vipaji. Milambo ndiyo iliyokuwa St. Mary's ya wamisionari, ambako Mwalimu alifundisha aliporudi kutoka Makerere. Kazima nayo wazee wengi wa mji huu wanaijua vizuri. Hizi zina majengo na zina historia, ila kwenye mabishano yetu huwa zinasahaulika katikati.

Baada ya hapo ndiyo zinakuja shule za kata, zilizoota kwa wingi baada ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wa mwaka 2004, hasa kuanzia 2006. Wananchi walichanga mawe, mchanga na nguvu zao. Mimi nilikuwa msichana, nilibeba maji ya kumwagilia msingi wa moja ya shule hizo. Zinapokea kila mtoto wa kata aliyefaulu la saba, mwenye alama 240 na mwenye alama 125, bila kuchagua.

Mkulima wa karanga anajua. Ukichambua mbegu punje kwa punje, ukazipanda karibu na kisima, huwezi kumcheka jirani aliyepanda alichopewa kwenye udongo wa kichanga. Ukitaka kujua mkulima hodari ni nani, uliza kila mmoja alianza na nini na amevuna nini.

Ombi langu kwenye uzi huu ni hilo. Shule ya mtoto wako imempokea akiwa wapi, na imemfikisha wapi? Tulinganishe shule za kata na shule za kata, tena kwa kipimo hicho. Karibuni.

---

Mzee wa Kitete

Dada yangu, uzi mzuri na umeandika kwa heshima, lakini niruhusu nikupinge kidogo.

Mimi ni zao la Boys, miaka ya themanini mwanzoni. Si kweli kwamba ni mbegu tu. Tulikuwa na utaratibu. Saa kumi na moja alfajiri filimbi, mchakamchaka, usafi, darasani. Jioni masomo ya usiku, mwalimu wa zamu anapita na tochi. Hakuna aliyekuwa anaosha vyombo vya nyumbani wala kutumwa dukani. Ukimchukua mtoto wa kawaida ukamweka kwenye utaratibu ule miaka minne, atabadilika. Kwa hiyo tukisema shule zile zinang'ara kwa sababu zimechaguliwa watoto, tunawanyima walimu wake haki yao.

Na tukianza kusema "msituhukumu kwa divisheni", nina hofu tutazoea ziro. Mwajiri hatauliza ulitokea wapi. Atauliza cheti.

---

Ticha wa Kutwa

Mzee wangu, shikamoo. Dada mleta uzi, asante kwa kutusemea.

Nafundisha hesabu na fizikia shule ya kata, hapa hapa manispaa. Mzee amesema utaratibu, naomba niwaonyeshe utaratibu wangu. Tuko wawili wa hesabu kwa shule nzima. Daftari za mkondo mmoja nikizibeba kwenda kusahihisha nyumbani, nazifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. Nikimpa kila mtoto dakika mbili tu, usiku umekwisha. Kwa hiyo kuna wiki natoa zoezi najua sitalisahihisha lote. Nalisema kwa uchungu, si kwa kujitetea. Hesabu ndiyo jeraha la nchi nzima, mwaka 2022 waliofaulu hesabu kidato cha nne walikuwa kama mmoja kati ya watano. Sasa kwenye shule ya kutwa yenye walimu wawili, fikirieni wenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo naliona zito kuliko hata idadi ya walimu, nalo ni lugha. Mwaka juzi nilisimamia mtihani wa ndani wa baiolojia. Kulikuwa na kijana mmoja, mtulivu, amekaa dirishani. Swali lilitaka aeleze mmea unavyojitengenezea chakula. Karatasi yake ilikuwa nyeupe. Mtihani ulipokwisha nikamwita nje chini ya mwembe, nikamuuliza kwa Kiswahili: usanisinuru ni nini? Alinieleza yote, jua, maji kutoka kwenye mizizi, hewa ya kabonidayoksaidi, umbijani, sukari, oksijeni kutoka nje. Hakukosea hata hatua moja. Alijifunza shule ya msingi na hakusahau. Kwenye matokeo yule anahesabiwa F.

Watoto wetu wengi wanatoka shule za msingi za Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza Januari, wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, halafu masomo karibu yote yanageuka lugha. Watoto wengine wanaowashinda walisoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Hiyo nayo ni mbegu, Mzee.

---

Baba wa Watatu, Ipuli

Kwangu mimi kulinganisha kunaanza na miguu. Msinicheke.

Shule mbili za kutwa zinatuhudumia. Moja ina majina mazuri kidogo, iko mbali. Nyingine iko karibu, watu wanaidharau. Binti yangu wa kwanza nilimhangaikia uhamisho akaenda ile ya mbali. Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, giza bado. Kurudi saa kumi na mbili jioni. Mvua za Januari alikuwa anafika ameloa, daftari ameziweka kwenye mfuko wa rambo kifuani. Halafu vijana wa bodaboda wakaanza kumpa lifti. Nadhani wazazi mnaelewa nilichoogopa. Nilimrudisha shule ya karibu akiwa kidato cha pili na namshukuru Mungu. Amemaliza salama, ana divisheni ya tatu, yuko chuo cha afya.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia divisheni pimeni umbali, hasa kwa watoto wa kike. Na muulize kama shule ina chakula cha mchana. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, sawa, lakini tumbo halikufutwa. Ile ya karibu wazazi tulikubaliana kwenye kikao, kila mmoja analeta mahindi na maharage, watoto wanakula makande saa nane. Tangu siku hiyo watoto wanabaki masomo ya jioni. Zamani kengele ya saa nane ikilia walikuwa wanatawanyika kama kunguru.

---

Mleta uzi

Nimerudi. Samahani, nilikuwa dukani.

Mzee wa Kitete, shikamoo. Umesema kweli kuhusu utaratibu na sitaki kuwapunguzia walimu wa Boys chochote. Mtoto wa dada yangu nimemwona alivyobadilika. Ila hata huo utaratibu ni sehemu ya alichopewa mtoto. Ana kitanda, ana taa, ana chakula mara tatu, ana maabara. Binti yangu hana hata kimoja cha hivyo shuleni. Na kuhusu kuzoea ziro, mimi nataka kinyume chake. Nataka shule ya kata ibanwe, lakini ibanwe kwa kitu inachoweza kujibu.

Ngoja niwaeleze kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Desemba mwaka jana watoto wote wawili walikuwa nyumbani. Binti yangu alikuwa ametoka kufanya upimaji wa kidato cha pili. Anajua kuchora bureti, ile mirija ya maabara ya kupimia vimiminika, vizuri mno, mistari imenyooka, koki iko mahali pake, na alikuwa hajawahi kuishika hata siku moja. Kaka yake akacheka, kisha akaona dada yake hacheki. Akanyamaza. Akaenda jikoni akaleta chupa ya maji ya plastiki na mrija. Wakakaa kwenye mkeka uani. Akazamisha mrija, akaziba juu kwa kidole, akaunyanyua, maji yakabaki ndani. "Sasa achia kidogo kidogo, tone moja moja, usiharakishe." Binti yangu akaachia, yakamwagika yote. Akarudia. Mara ya nne yalitoka tone, tone, tone. Kisha akamwonyesha kwamba maji ndani ya mrija hayakai sawa, yanabonyea katikati, na ukisoma kipimo unashusha jicho mpaka liwe usawa mmoja na maji, unasoma pale chini kwenye bonde. Binti yangu akalala kifudifudi juu ya mkeka ili jicho lifike. Alibaki pale muda mrefu.

Hakuna kichwa kizito pale. Kulikuwa na miaka miwili bila kifaa cha kuvunjika.

Sasa njia ninayotumia, kwa wanaouliza. Unahitaji simu, bando na daftari.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanawekwa wazi shule kwa shule, namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, na alama ya kila somo. Wengi tunaangalia kidato cha nne tu. Fungua na upimaji wa kidato cha pili wa miaka miwili nyuma, shule ile ile. Waliofanya kidato cha pili 2022 ndio waliofanya cha nne 2024. Weka kurasa hizo mbili mezani.

Kwanza hesabu vichwa. Tuseme kidato cha pili walikuwa 200 na kidato cha nne wako 150. Hamsini wako wapi? Wapo waliohama, wapo waliorudia kidato, lakini wapo walioachia njiani, kwenye tumbaku, kwenye ndoa, kwenye bodaboda. Shule inaweza kuonekana imepandisha ufaulu kumbe imewapukutisha wadhaifu. Kisha hesabu wasichana peke yao, maana safu ya jinsia ipo. Hapo nilipofika kwa shule moja niliacha kalamu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, lakini ruhusa kuwa kwenye waraka ni kitu kimoja, na msichana kukaa kwenye dawati ni kingine.

Pili, divisheni zimesogea kwenda wapi? Mnakumbuka hesabu yake, masomo saba bora, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wani ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni ziro. Shule ambayo kidato cha pili ilijaa divisheni ya nne, na miaka miwili baadaye kundi lile lile limesogea hadi ya tatu na ya pili, hiyo ina walimu wanaofanya kazi. Hata kama haina wani hata moja, mimi naivulia ushungi.

Tatu, shuka kwenye somo moja moja. Angalia hesabu, fizikia na Kiingereza. Ukiona fizikia waliofanya ni wachache sana kuliko darasa lote, ujue watoto wameambiwa waache sayansi mapema. Uliza kwa nini.

Kwa kipimo hiki, zipo shule mbili za kata mjini hapa ambazo watu wanazidharau na zinafanya kazi kubwa, na ipo moja inayosifiwa ambayo inapokea watoto wazuri na kuwarudisha nyuma. Sitataja, maana nimeangalia kundi moja tu la miaka miwili, na mwaka mmoja mbaya si tabia. Kila mzazi afanye kwa shule yake, kwa makundi matatu manne mfululizo.

---

Mzee wa Kitete

Nimesoma mara mbili. Swali moja, dada. Mtihani wa kidato cha pili na wa kidato cha nne haufanani ugumu. Utalinganishaje?

---

Mleta uzi

Ni kweli haufanani. Ndiyo maana silinganishi shule na yenyewe peke yake. Nalinganisha shule mbili zilizofanya mitihani ile ile miaka ile ile. Kama zote mbili zilianza sawa kidato cha pili, moja ikafika na nyingine ikazama, ugumu wa mtihani uliwakuta wote.

---

Mzee wa Kitete

Hapo umenipata. Nilipofurahi mwaka 2023 ni pale NECTA walipoacha kutangaza shule kumi bora, ingawa wenzangu wengi wa Boys walinuna. Nakubali kwamba kumi bora ilikuwa inatuonyesha waliochaguliwa vizuri. Ila nashikilia langu, utaratibu unaweza kupelekwa hata shule ya kutwa. Makande ya yule baba wa Ipuli ni utaratibu. Watoto wakibaki hadi saa kumi na moja na mwalimu yupo, hiyo ni Boys ndogo.

---

Kijana wa Sita

Shikamooni wote. Mimi nimetoka shule ya kata hapa Tabora, sasa niko kidato cha sita mkoa mwingine, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia.

Naomba niongeze la mwanafunzi. Kidato cha tatu niliambiwa sayansi niache kwa sababu fizikia hakuna mwalimu. Kulikuwa na kaka mmoja wa kujitolea, amemaliza chuo hana ajira, wazazi walikuwa wanamchangia nauli. Yule ndiye aliyenifundisha. Alipopata ajira mkoa mwingine akaondoka katikati ya muhula, tukabaki saba tunasoma wenyewe kwa mitihani iliyopita. Watatu tumeendelea kidato cha tano.

Kwa hiyo mzazi akienda shuleni asiulize tu "walimu wangapi". Aulize wa fizikia ni nani, ameajiriwa au anajitolea, na akiondoka nani anashika. Pia watoto wajue mapema kwamba kidato cha tano kinataka angalau C tatu, na pointi zisizidi 25. Mimi nilijua kidato cha nne mwezi wa nane. Kuna wenzangu walikuwa na uwezo, wakakosa C moja tu kwa kutojua waweke nguvu wapi.

---

Ticha wa Kutwa

Mdogo wangu, hongera sana, na asante kwa kumkumbuka huyo kaka. Wapo wengi wa namna yake, majina yao hayamo kwenye ikama, orodha ya walimu walioajiriwa.

Wazazi, mimi nawaomba jambo moja. Njooni na hizo karatasi za kidato cha pili na cha nne kwenye kikao. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kundi langu lilianzia wapi. Wanauliza ziro ngapi. Kwa upande wa madarasa, yale ya fedha za UVIKO ya mwishoni mwa 2021 yalitusaidia, watoto hawasongamani kama zamani. Sasa tunahitaji mtu wa kuingia ndani yake na chaki.

---

Baba wa Watatu, Ipuli

Mama mleta uzi, nikifanya hesabu yako nikakuta watoto wamepungua sana, nifanye nini? Nisionekane nakwenda kugombana.

---

Mleta uzi

Baba, nenda kwa mwalimu wa taaluma kwanza, si kwa mkuu wa shule. Omba kuona idadi ya walioandikishwa kidato cha kwanza na waliopo sasa, kwa jinsia. Usianze na neno ufaulu. Anza na watoto. Mwalimu mzuri atashukuru kwamba kuna mtu mwingine anayewatafuta. Na mshirikishe mtendaji wa kata, maana nyumba kwa nyumba anazijua yeye.

Kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Nimeandika maswali matatu kwenye karatasi. Maabara ina bureti ngapi nzima, na watoto wa kidato cha tatu wataingia lini. Chakula cha mchana, kama tunaweza kuanza na mahindi ya msimu huu. Na wale wasichana waliokuwepo kidato cha pili na hawakuonekana cha nne, nataka kujua shule ina majina yao. Mmoja namfahamu, anauza maembe karibu na stesheni akiwa na mtoto mgongoni. Nimeshaongea naye, amesema akiitwa atarudi.

Nikitoka kikaoni naleta mrejesho hapa hapa.